Maganda ya Tunduma

Isongole, 6 Agosti 2023

Mwanangu Tupokigwe,

Salamu. Mimi ni mzima, kuku ni wazima. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, sijaandikiwa na mtu. Mchungaji alitaka kukaa aniandikie, nikamwambia mchungaji wewe andika mahubiri, mimi nina cheti cha kisomo tangu mwaka sabini na tano, kina muhuri. Wazee wote wa rika langu huku wanaweka dole gumba. Mimi naweka jina.

Simu uliyoninunulia ipo kabatini. Ukipiga inakamatwa na mtandao wa Malawi, anatokea mwanamke anaongea Kichewa, na mimi sina shida na mwanamke wa Malawi. Tuendelee hivi hivi. Fanuel anapita na kenta yake ya mizigo, barua ushone kwenye mdomo wa salfeti, mimi nitampa majibu akishuka.

Salfeti tatu za maganda zimefika. Lete nyingine. Shamba la mbegu la marehemu mama yako, lile la nyuma ya jiko, linakufa njaa. Huu ni mwaka wa pili tangu tumzike na udongo umebaki mwekundu, mwepesi, unapeperuka. Yeye alikuwa anaulisha. Maganda, majani ya chai, makapi ya maharage, majivu, vyote vilikwenda kule. Lakini yeye alipikia watu tisa. Mimi najipikia peke yangu. Nikila viazi vinne, maganda yake yanaenea kiganjani. Jiko la mtu mmoja haliwezi kulisha shamba. Wewe una mgahawa unaomenya gunia kwa siku, na nimeshawaambia watu wote kanisani kwamba mgahawa wa mwanangu ndio utafufua shamba la mama yake.

Darini yamebaki madebe mawili ya mbegu ya viazi. Ile myekundu yenye macho ya zambarau, aliyopewa na mama yake siku alipoolewa kwangu. Haijawahi kununuliwa wala kuuzwa. Alisema kabla hajafa, msimu Tupokigwe atakaporudi kujenga kwao, apewe ya kwake. Mwaka jana ilizaa viazi kama mayai ya njiwa. Ikizaa hivyo tena, imekwisha. Lakini haitazaa hivyo, maana sasa nimeishika mimi.

Ni mimi baba yako,
Ambwene Kibona, mwenye cheti


Tunduma, Majengo, 15 Agosti 2023

Baba, shikamoo.

Barua imefika, nimeisoma mara mbili. Ahsante kwa kunikumbusha mbegu ya mama. Nakuletea salfeti nne. Mgahawa unaendelea vizuri. Malori ya Zambia yanapanga foleni mpaka Mpemba, na madereva wakikaa siku tatu mpakani wanakula kwangu siku tatu. Ugali wangu wanauita nshima, wanasema haupo mwingine kama huu.

Baba, naomba usinikasirikie kwa hili. Maganda usiyazike mabichi. Wewe ulikuwa unashinda kwenye kupasua mbao, jikoni ulikuwa huingii, mimi ndiye niliyekuwa nashinda na mama. Alikuwa analundika kwanza. Anatandika maganda, juu yake nyasi kavu, juu yake udongo na majivu kidogo, ananyunyiza maji, anafunika kwa majani ya mgomba. Kisha anachomeka kijiti kirefu katikati. Alikuwa anasema ganda ni lazima liugue homa kwanza, homa ikilitoka ndiyo linakuwa chakula cha shamba. Kila asubuhi anachomoa kile kijiti na kukishika. Kikimchoma kiganja anapaza sauti, "Bado!" Na wewe unamjibu kutoka kitandani, "Na mimi bado!"

Alikuwa anapindua lundo mara tatu au nne, miezi mitatu inapita, mpaka kijiti kinatoka baridi na kinanukia msitu baada ya mvua. Ndipo alipeleka shambani. Mpaka Novemba tunapopanda, muda upo. Niahidi, baba.

Mwanao,
Tupokigwe


Isongole, 3 Septemba 2023

Mwanangu,

Unanifundisha kulima? Nimelima kabla barabara hii haijawekwa lami, kabla hata ya huyo mama yako unayemsema. Lakini haya. Nimelundika. Nyasi nimeweka, majivu nimeweka, kijiti nimechomeka. Kinaunguza mpaka nimekiacha. Umeridhika?

Mjomba wako Jonasi alipita kuchungulia, unamjua mjomba wako, hawezi kupita bila kuchungulia. Anasema, "Shemeji, dada alikuwa anaweka lundo lake pale penye kivuli. Mbona la kwako silioni?" Nikamwambia lundo la mwanamume halikai wazi likaangaliwa na wapita njia. Akaondoka anatikisa kichwa. Wivu. Yeye shamba lake la viazi liko chini yangu pale, maji ya mfereji yanaanza kwangu ndipo yafike kwake, na hilo halijawahi kumpendeza.

Sasa na mimi nikuulize. Naona siku hizi unapika mpaka mananasi. Na maparachichi. Na ndani ya salfeti kuna viazi vizima vimeoza, vinatoa ute na harufu ya kukimbiza mbwa. Mgahawa umekuwa mkubwa mpaka unatupa viazi vizima? Hilo nimewahadithia watu huku, wamebaki mdomo wazi. Lakini mwambie anayekumenyea awe na huruma.

Baba yako,
Ambwene Kibona, mwenye cheti


Tunduma, 16 Septemba 2023

Baba, shikamoo.

Mananasi ni ya juisi. Na viazi ni Sekela, binti aliyekuja kunisaidia jikoni, bado hajui kuchagua. Nitamwambia.

Naandika kwa haraka, Fanuel yuko mlangoni anapiga honi. Salfeti ni mbili tu safari hii. Nimefurahi kusikia kijiti kinaunguza. Kikiwa cha moto hivyo hakuna ugonjwa utakaotoka humo mzima, mama alikuwa anasema hivyo. Pindua lundo, baba, ya nje yaingie ndani.

Tupokigwe


Isongole, 29 Oktoba 2023

Mwanangu,

Lundo limeiva na nimeshamaliza kuliingiza shambani. Usianze kunihesabia miezi. La mama yako lilichukua miezi mitatu kwa sababu mama yako alikuwa mpole, maganda hayakumwogopa. Langu limeiva mapema.

Udongo sasa ukiuona hutaujua. Umekuwa mweusi, umenona, minyoo imerudi minene kama kamba ya ng'ombe. Nimeinua matuta ishirini na moja, peke yangu, kwa jembe, na umri wangu huu. Vijana wa pikipiki walisimama barabarani kuniangalia. Mmoja akaniuliza, "Mzee, unakula nini?" Nikamwambia nakula maganda.

Mbegu nimeiteremsha darini. Imechipua vizuri. Mvua ikishika tu, naipanda yote. Sibakishi hata moja. Mama yako alikuwa anaficha debe moja kila mwaka, uoga wa wanawake. Mimi naamini shamba langu.

Ambwene Kibona, mwenye cheti


Isongole, 17 Desemba 2023

Mwanangu Tupokigwe,

Kaa chini kabla hujasoma.

Viazi vimefika magotini. Majani ni mapana kama sahani, yana kijani cha kutia macho dawa. Juzi baada ya ibada wazee walikuja kuangalia, mchungaji mwenyewe akaja, akavua kofia. Jonasi akapima jani moja kwa kiganja, akalipima tena. Nikamwambia, "Sema, shemeji, usiogope." Akasema, "Dada angefurahi." Basi nikaenda nyuma ya jiko kidogo, moshi uliniingia machoni.

Nimehesabu vikonyo, nimepiga hesabu ya kila shina. Machi tutachimba si chini ya madebe thelathini. Ya kwako nimeshakutengea kichwani.

Krismasi njema. Nimechinja jogoo yule mgomvi.

Baba yako,
Ambwene Kibona, mfufua mashamba


Tunduma, 31 Desemba 2023

Baba, shikamoo, na heri ya mwaka mpya.

Nilisoma barua yako nimesimama, nikakaa katikati, nikalia. Nisamehe, ni furaha.

Sasa nikwambie jambo. Nataka kurudi. Machi mbegu ikitoka, nije nayo moja kwa moja kwenye kile kipande ulichonikatia kule juu, nijenge hata vyumba viwili, nilime viazi. Mji nimeuchoka. Mgahawa nitamwachia Sekela. Usiniulize sana kwa nini, nimechoka tu, baba. Asubuhi nikiamka nalifikiria lile shamba. Nikiwa nalo lile, sihitaji kitu kingine.

Usimwambie mtu bado. Nitakuja na godoro langu na sufuria zangu juu ya kenta ya Fanuel, watu waone tu nimefika.

Mwanao,
Tupokigwe


Isongole, 14 Januari 2024

Mwanangu,

Umefanya vyema. Nyumba ya kwanza nimeshaipima kichwani, mlango utazame mashariki.

Viazi vipo. Kuna vichache pale tuta la nne na la tano, jua likipanda vinainamisha vichwa kama watu wa sala. Jioni vinainuka. Nadhani ni kunona kupita kiasi, shina linashindwa kubeba majani. Mtu akila sana naye mchana anasinzia.

Baba yako,
Ambwene Kibona


Tunduma, 25 Januari 2024

Baba, shikamoo.

Sijalala vizuri tangu barua yako ifike. Viazi vinavyonona havisinzii. Vinainama vingapi? Bado vinainuka jioni? Mtafute bwana shamba, baba, nasikia sasa hivi ni dada mmoja anaitwa Erica, anakaa hapo hapo karibu na ofisi ya kata. Au mwite mjomba Jonasi aangalie kwa macho yake. Kuita mtu si aibu.

Nakuomba kama binti yako. Shamba hilo ndilo nililobaki nalo.

Tupokigwe


Isongole, 11 Februari 2024

Mwanangu,

Mimi siitiwi bwana shamba. Yule Erica nimemwona, ana kucha za rangi na pikipiki ya serikali. Atanifundisha nini? Na Jonasi nimwite ili kanisa zima lijue kesho?

Mashina arobaini na tatu yalilala yakakataa kuamka. Nimeyashughulikia. Niling'oa yote alfajiri kabla ya watu kupita, nikayatupa mferejini, maji yakayabeba, shamba likabaki safi kana kwamba hapakuwa na kitu. Ukipita hutaona pengo, majani ya jirani yamefunika. Nilipokata kiazi kimoja kuonja, kilikuwa na pete ya kahawia ndani na ute unaonata kidoleni. Nikakitupa nacho.

Usiwe na wasiwasi. Yamebaki mengi.

Baba yako,
Ambwene


Isongole, 25 Februari 2024

Mwanangu Tupokigwe,

Amekuja. Sikumwita. Jonasi ndiye aliyemleta, wakaingia uani wote wawili kama wanaokuja kuposa.

Yule binti akasema, "Shikamoo, babu."

Nikamwambia marahaba, lakini mimi si babu yako, babu yako angekufundisha usiende shambani na viatu vya kanisani.

Akacheka. Kumbe ana meno mazuri. Akasema, "Basi baba, naomba glasi ya maji safi."

Nikajua ana kiu, nikampa glasi ile ya maua ya mama yako. Hakunywa. Akaenda tuta la tisa, akakata shina moja lililolala, chini kabisa karibu na udongo, akalipangusa, akaliteremsha kwenye ile glasi ncha iguse maji, akalishika hivyo bila kutikisa mkono. Jonasi akauliza, "Tunasubiri nini?" Akasema, "Subirini tu, baba zangu." Nikasema kama ni uchawi niambieni nikalete kiti.

Kisha nikaona, mwanangu. Uzi mweupe ukatoka kwenye lile shina, ukateremka majini taratibu, kama maziwa yanayomtoka mtoto mdomoni. Ukaja wa pili. Maji yakafanya ukungu. Erica ndiye aliyesema, na wakati huo hakuwa anacheka. Mnyauko bakteria. Akasema hauna dawa. Akasema unakaa kwenye udongo wenyewe, unasubiri.

Nikauliza miaka mingapi. Akasema, "Baba, panda mahindi."

Nikasema sikuuliza nipande nini, nimeuliza miaka mingapi.

Akasema, "Mingi."

Nina miaka sabini na nane.

Akasema hata viazi vitakavyopatikana, hata vikiwa vizuri kwa macho, visiwe mbegu. Kila kimoja kinaweza kubeba ugonjwa kikaupeleka shamba jingine. Vichemshwe viliwe, au vichomwe. Na jembe langu lisivuke kwenda shamba lolote kabla sijalisafisha. Na kipande chako cha juu kisiguswe na kitu chochote kilichotoka humu.

Halafu akaniuliza yale maganda yalitoka wapi, maana kuna viazi vinaletwa masokoni kutoka kila upande, na huo ugonjwa unasafiri ndani ya ganda. Hapo ndipo nilipopata nguvu. Nikamwambia, binti, chunga ulimi wako. Maganda yametoka jikoni kwa mwanangu Tupokigwe, anamenya mwenyewe kwa mkono wake viazi vya kuwalisha watu, mgahawa wa watu wazima, Tunduma. Jikoni kwa mwanangu hakuna ugonjwa. Nilimfokea mpaka Jonasi akanishika bega. Nimekutetea vizuri, hakuuliza tena.

Itakuwa ni mvua. Mvua ya mwaka huu haikuwa na akili.

Baba yako,
Ambwene


Tunduma, 6 Machi 2024

Baba, shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nne. Fanuel ameninyooshea mkono aichukue, nimemwambia kaa unywe chai, nikiiacha leo sitaiandika.

Usinitetee tena, baba. Mgahawa haupo. Ulifungwa Mei ya mwaka jana, kabla hujaniandikia barua ya kwanza. Mwenye kiwanja alitaka kujenga maduka, tukapewa wiki moja, kibanda kikavunjwa. Tangu hapo nipo sokoni, nachambua viazi na vitunguu vya wachuuzi. Malori yanashusha mizigo kutoka kote, mimi na wanawake wenzangu tunakaa chini tunatenga vizima na vilivyooza. Sekela hayupo jikoni kwangu, Sekela ni mwenzangu wa kuchambua, anakaa upande wangu wa kulia.

Vilivyooza vinatupwa jaani nyuma ya soko. Ndiko nilikojaza salfeti zako zote. Mananasi, maparachichi, na vile viazi vizima vyenye ute, vyote ni vya jaani.

Kwa nini sikusema? Barua yako ya kwanza ilitaja mgahawa mara mbili. Ulikuwa umeshawaambia watu kanisani. Nikasema nitasema safari ijayo. Safari ijayo ilipofika ukasema umewahadithia wamebaki mdomo wazi. Na sikuwa na kitu kingine cha kukuletea, baba. Binti wa watu anarudi kwao na sukari, na sabuni, na kitenge. Mimi nilikuwa na jaa. Kila nikijaza salfeti nilikuwa najisikia mtu bado namhudumia baba yangu.

Nilijua ni machafu. Hilo sitakuficha. Lakini nilijiambia, baba ameahidi kulundika, lundo litayachemsha, mama alisema homa ya lundo inaua kila kitu. Ndiyo maana nilikusisitiza sana kuhusu kijiti. Ulipoandika kinaunguza mkono nikapiga goti hapo hapo kwenye vitunguu nikamshukuru Mungu. Sasa sielewi. Labda wa sokoni ni mbaya kuliko homa ya mama. Labda nimeleta kitu ambacho hata moto haukiwezi.

Nimeua shamba la mama yangu kwa mkono wangu. Sijui nitakutazama vipi.

Jambo moja tu linanifanya nipumue. Mjomba Jonasi anayo mbegu ile ile. Mama alimpa kaka yake debe zima mwaka aliojenga, nilikuwepo, nilibeba mimi kichwani. Shamba lake ni jingine. Nenda kwake, baba, najua hupendi kumwomba, nenda hivyo hivyo. Akitupa hata viazi kumi vya mbegu, tutaanza navyo kule juu. Kumi vinatosha.

Nisamehe.

Tupokigwe


Isongole, 17 Machi 2024

Mwanangu Tupokigwe,

Sikulundika.

Naandika hilo kwanza, maana nikianza na salamu nitajikuta nimejisifu.

Salfeti nne zilipofika na barua yako, nilizichanganya na zile tatu za kwanza, nikafanya kama ulivyosema. Nilitandika, nikafunika, nikachomeka kijiti, kile kile cha kwake, kilikuwa bado kimeegeshwa ukutani kwa jiko, kimekuwa cheusi mahali alipokuwa anakishika. Asubuhi nikaamka. Nikalala pale kitandani nasubiri. Nilikuwa nasubiri mtu apaze sauti. Jua likapanda mpaka dirishani na mimi bado nasubiri kuambiwa bado. Basi nikainuka kwa hasira, nikachukua jembe, nikafukua lile lundo siku ya pili tu, nikazika maganda yote mabichi kwenye matuta. Na salfeti zilizofuata hivyo hivyo, zikishushwa nachimba nazika. Kijiti nimekipikia chai. Kwamba kinaunguza mkono niliandika uongo. Kwamba lundo limeiva niliandika uongo. Jonasi aliona, ndiyo maana aliuliza liko wapi.

Kwa hiyo acha kujilaumu kwamba homa haikuweza. Homa haikuwepo. Ungeniletea jaa lote la Tunduma, kama ningelundika, huenda tusingefika hapa. Wewe ulidanganya ukaegemea neno langu, na neno langu halikuwa na kitu nyuma yake.

Mgahawa usiuonee aibu. Jumapili nilisimama kanisani wakati wa matangazo, nikasema mwanangu hana mgahawa, anachambua vitunguu sokoni, na mimi ndiye niliyeupandisha cheo. Watu hawakucheka. Nilidhani watacheka.

Sasa Jonasi.

Nilikwenda siku ile ile barua yako ilipofika. Sikupita barabarani, nilipita kando ya mfereji, nikateremka nao. Unakumbuka nilikuandikia yale mashina arobaini na tatu niliyatupa mferejini nikajisifu shamba limebaki safi. Niliyakuta. Yalikuwa yamenasa kwenye geti la maji la mjomba wako, rundo zima, yameoza, na mvua ilikuwa imefurisha mfereji ukamwagikia shambani kwake kutokea pale pale. Viazi vyake vya mstari wa juu vilikuwa vimeinama vyote. Ilikuwa saa sita mchana. Nikakaa kwenye ukingo nikasubiri jioni nione kama vitainuka. Havikuinuka.

Alinikuta nimekaa pale. Nikamwambia yote, tangu kijiti mpaka mfereji. Afadhali angenipiga, mimi ni mzee lakini ningevumilia. Alilitazama lile geti la maji halafu akasema, "Shemeji, dada alikuwa anakuita mkaidi huku anacheka. Mimi sijui alikuwa anachekea nini." Akachukua jembe akaanza kung'oa. Nikataka kumsaidia. Akasema, "Wewe kaa hapo. Jembe lako lisiingie kwangu."

Erica amezunguka vitongoji vyote kuuliza. Mbegu ile haipo kwa mtu mwingine. Wengine wote walishaiacha zamani, wanapanda hizi mpya za kununua. Ilikuwa imebaki kwa mama yako na kwa kaka yake, na ya kaka yake yote ilikuwa shambani mle, Erica amesema nayo isiwe mbegu tena. Hivyo kumi unavyovisema havipo.

Kutoka matuta yangu ishirini na moja nimechimba debe moja na nusu la vizuri. Vizuri kweli, vyekundu, macho ya zambarau, ukivishika utasema ni vile vya mwaka mama yako alipokuja hapa bibi harusi. Mkono uliniambia nifiche vichache darini. Nilivipandisha kabisa, viazi saba. Nikakaa navyo kule juu. Kisha nikavishusha.

Nimechemsha vyote. Nimempelekea Jonasi fungu lake, amepokea mkewe, yeye hakutoka. Langu nimekula kwa chumvi tu. Hivi vilivyo kwenye ndoo yenye kifuniko, Fanuel nimemwapisha asionje, ni vya kwako. Kipande chako cha juu kipo, ni kisafi, sijakikanyaga. Ukija kujenga uje, lakini huna cha mama yako cha kupanda pale, na mimi sina cha kukupa.

Keti ule polepole. Ni vitamu, nilikuwa nimesahau. Usimenye. Kula na ganda lake, usidondoshe hata moja chini, wala kwa kuku, wala jaani.

Ambwene